Shule ya Ndiyo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nimemshika mkono mdogo wangu Basili, bibi ametangulia na fimbo yake. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nikaacha masomo darasa la tano ili wadogo zangu wapate kula. Basili, kitinda mimba wetu, niliapa atasoma. Lakini asome wapi?

Shule zilikuwa mbili, zote za serikali. Ya barabarani ilikuwa na bati jipya na maua mlangoni, na kijiji kizima kiliisifu. Ya mlimani ilikuwa na ufa ukutani, mkono unapita. Moyoni nilishaamua. Penye ufa ukutani, nilijiambia, hata mafundisho huvuja.

Tulianza barabarani. Darasa la kwanza wakasimama kwa pamoja: "Shikamooni wageniii!" Mwalimu akauliza, "Mmeelewa somo?" "Ndiyooo!" Nikafurahi, machozi yakanilenga. Bibi akaomba kuwasalimia.

"Wajukuu zangu, mbuzi anataga mayai?"

"Ndiyooo!"

"Na mimi nina mkia?"

"Ndiyooo!"

Mwalimu akacheka kidogo, akatazama dirishani.

Mlimani walitusalimia ovyo ovyo, wengine wamekaa. Bibi akauliza lilelile la mbuzi. Kasichana ka nyuma kakapaza sauti: "Hapana! Bibi, kwani kwenu mbuzi ni kuku?" Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye. Mwingine akasema hajaelewa swali. Mwalimu akamweleza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, akarudia kwa Kiswahili, wala hakumkaripia.

Njiani nikanung'unika, "Watoto wale hawana adabu. Na ule ukuta, bibi!"

Bibi akasimama. "Wewe unashuku ufa, mimi nashuku ndiyo. Ufa huzibwa kwa udongo. Mtoto aliyezoezwa kuitikia asichokijua, utamziba na nini? Basili hajui Kiswahili. Pale barabarani ataitikia na wenzake miaka yote, na hakuna atakayegundua kwamba hajui."

Nilinuna hadi nyumbani. Hata hivyo Jumatatu nilimpeleka mlimani, na bado nilikuwa na wasiwasi. Mvua ziliponyesha, wasiwasi ukazidi. Mpaka jioni moja nikihesabu mbuzi zizini, Basili akanivuta kanga: "Hapana, dada. Umemruka mmoja." Alisema kwa Kiswahili. Nikageuka, nisije nikaonekana ninalia.

Tangu hapo, nikisikia watu wengi wakiitikia kwa sauti moja, huangalia mlango uko wapi.

Leo, mwanangu, mnalinganisha shule kwa picha za simuni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shuku, sikukatazi, ila shuku panapostahili. Nenda bila kutangaza, ukae nyuma, uulize swali la kipumbavu, umsubiri mtoto atakayethubutu kukukatalia. Usipomsikia, mshike mtoto wako mkono mwondoke. Nami usiniitikie kabla hujanielewa.

Mungu akujalie mtoto wa kukubishia kwa heshima, na masikio ya kumsikiliza hadi uzeeni.