Waridi la Mama na Msumeno Wangu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa najua mke wangu akisoma hapa atacheka. Niliacha shule darasa la tano, na leo nina mashine ya kukoboa kahawa, fuso mbili zinazoteremka mpaka Mbamba Bay, na nyumba ya wageni Mbinga mjini yenye vyumba kumi na vinne, vyote maji ya moto. Nimeona bei ya kahawa ikipanda mpaka watu wazima wakacheza barabarani, nikaiona ikishuka mpaka watu walewale wakang'oa mibuni wakapanda mahindi. Nimelala chini ya lori siku tatu kwenye matope. Kunishangaza mimi, ndugu zangu, ni kazi.

Lakini mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwetu, mlima mmoja ukitoka Litembo, ambako ninamjengea mama nyumba mpya. Asubuhi mama alitoka na beseni, akamwaga maji aliyooshea usipa, vidagaa vya ziwani, kwenye shina la waridi lake. Jua likapiga, upepo ukaniletea harufu ile, ua na samaki kwa pamoja. Wewe ungeziba pua. Mimi nilisimama palepale na futikamba mkononi, nikawa na miaka kumi na moja.

Mama yangu si mtu wa milimani. Alizaliwa Lundo, chini ziwani, kwa wavuvi wa Kianglikana. Baba alimkuta huko alipofuata usipa wa kuuza, akampandisha huku juu. Mama akaingia Ukatoliki, akajifunza Kimatengo, akajifunza kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayoshika maji na udongo visikimbilie bondeni. Alijifunza yote, na bado wakamwita yule wa ziwani. Akina mama wa kanisani walimsalimia vizuri, wakamtembelea akiumwa, lakini zamu ya kupamba altare hawakumpa hata mara moja.

Mwaka nilipozaliwa, sista mmoja aliyekuwa mkunga alimpa mama kijiti cha waridi, au rozi kama tulivyoita wenyewe, kisichozidi kalamu ya shule. Mama alikichimbia ngolo yake peke yake, ndogo kama sufuria, mbele ya nyumba. Akakitandikia maganda ya kahawa. Akanyunyiza majivu, na wadudu walipokuja akawaosha kwa povu la sabuni ya mche, jani moja moja, kama anayeosha masikio ya mtoto. Na kila tulipokula usipa, maji ya kuoshea yalikwenda pale. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema ua lile likiingia kanisani, paka wote wa Litembo watakuja misa.

Waache wacheke. Lile waridi lilikuwa na maua mekundu ya kuiva, mapana kama bakuli la uji. Nimetembea sana, na sijaona jingine kama lile kuanzia Chiwanda mpaka Songea.

Basi, mwaka nilipotimiza miaka kumi na moja, kijana wa kijiji chetu akapata upadre, na misa yake ya kwanza ikapangwa nyumbani. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa Mama Eusebia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Alikuja mwenyewe. Akauzunguka ule mti mikono ikiwa mgongoni, akainama, akanusa. Nilijua anatafuta samaki. Hakumpata.

"Mama Otmari," akasema. Otmari ni mimi. "Jumapili ya wiki ijayo padre wetu atakanyaga maua yako, tangu barabarani mpaka mlangoni pa kanisa."

"Sawa, mama."

"Na kapu la kwanza, lile la mbele ya padre, utabeba wewe."

Mama alisema asante, akaingia jikoni kama mtu aliyesahau chungu motoni. Nikamsikia anaimba Kinyasa, peke yake, wimbo wa kwao ambao sikuwahi kuusikia. Tangu siku ile kila alfajiri alihesabu matumba ya maua kabla hata ya kuwasha moto. Yalifika sitini na matatu. Kuku walifungwa, na mbuzi wakafupishiwa kamba.

Sasa nije kwangu. Darasa la nne nilikuwa nimelirudia, na mwalimu alishamwambia baba, mbele yangu, kwamba mimi nitafaa kuchunga ng'ombe. Lakini mwaka ule bwana shamba alipita kufundisha namna ya kufufua mibuni iliyochoka. Unaikata kwa msumeno ikabaki kisiki cha urefu wa goti, unakata kwa mshazari maji yasikae juu, kisha unaiacha ichipue upya. Baba alikuwa na mgongo mbaya, kwa hiyo msumeno nilishika mimi. Bwana shamba aliporudi alipitisha kidole kwenye kisiki changu cha kwanza, cha pili, cha tatu, akamgeukia baba.

"Mzee, huyu mtoto ana mkono."

Hayo maneno matano yalinipanda kichwani kama pombe ya mahindi. Wiki nzima nilitembea nikiangalia mkono wangu.

Alhamisi, siku tatu kabla ya misa, mama alikwenda mashineni kusaga. Mimi nikabaki naangalia lile waridi. Nikaona magamba kwenye shina. Nikaona matawi yaliyopishana ovyo, mengine makavu. Nikajisemea, mti umezeeka huu, na padre anakuja Jumapili, haiwezekani mama yangu aaibike. Mtaniuliza, na maua je? Ndugu zangu, maua sikuyaona kabisa. Fundi wa mibuni haangalii ua, anaangalia shina. Nikachukua msumeno, nikaukata ule mti kwa urefu wa goti, mshazari safi, hakuna hata uzi wa gome ulioning'inia. Miiba ilinichana mpaka kwenye viwiko, sikujali. Matawi nikayaburuta kwa mbuzi, nikasimama pembeni kusubiri sifa.

Mama alirudi na debe la unga kichwani. Hakulitua. Alisimama, debe kichwani, akaangalia kisiki, halafu akawaangalia mbuzi. Beberu wetu alikuwa anatafuna polepole, na kipande chekundu cha ua kimemganda kwenye ndevu.

Akatua debe. Akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya kisiki, vilevile kama bwana shamba.

"Umekata wewe?"

"Mimi, mama. Kwa mshazari, ili maji yasikae."

Akakirudisha kidole juu ya kisiki, taratibu. Nilidhani anapima.

"Umekata vizuri," akasema, akabeba debe lake.

Nami nikaamini. Nilikula ugali jioni ile kama bwana harusi.

Jumamosi wakaja akina mama na nyungo zao za kuchumia. Mama Eusebia alikuwa mbele, na nilisikia sauti yake ikikatika katikati ya hodi.

"Yesu na Maria! Nani kafanya hivi?"

Nikavuta pumzi nijibu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinikanyaga vidole kwa kisigino, akavibana ardhini.

"Mimi," akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Niliona umezeeka, nikaupunguza."

"Siku hizi, Mama Otmari? Padre yuko njiani, wewe unapunguza?"

"Sikufikiri, mama. Nisameheni."

Mmoja wa nyuma akasema, si kwa kunong'ona, "Nyie mlitaka nini kwa mtu wa ziwani? Mpeni usipa, huo ndio anaujua." Wengine wakacheka, wengine wakamwambia nyamaza. Mama Eusebia hakucheka. Aliangalia kile kisiki mara ya pili, akatikisa kichwa, wakaondoka na nyungo tupu.

Jumapili padre akakanyaga maua ya porini na majani ya migomba. Kapu la kwanza akabeba wifi yake Mama Eusebia. Mama alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mimi kando yake, nimevimba kwa hasira. Mnajua hasira ya nini? Aliniibia kazi yangu! Mshazari ule ulikuwa wangu, watu wote wameuona, na yeye akasema ni wake. Niliapa nikikua nitadai haki yangu.

Wiki iliyofuata jirani yetu, Mzee Gaudensi, alikuja kwa baba. Alikuwa na mibuni mia mbili imechoka, na amesikia kwa bwana shamba kwamba Otmari ana mkono. Nikaikata yote. Akanipa mbuzi jike. Wa pili akaniita, na wa tatu. Mbuzi wakazaa, nikawauza, nikanunua gunia la kwanza la kahawa kabla sijaota ndevu. Huko ndiko zilikotoka fuso, na nyumba ya wageni, na maji ya moto. Sikurithi hata jembe.

Waridi nalo lilichipua. Mvua zilipoanza, kisiki kilisukuma machipukizi mekundu kama ndimi, mama akaacha manne, mengine akayabandua kwa kidole. Mwaka uliofuata maua yalizidi mpaka tukaacha kuhesabu. Mama Eusebia alikuja kuomba kijiti, mama akampa vitatu na kumfundisha habari ya maji ya usipa. Leo kila nyumba unayoipita kwenda hospitali ya Litembo ina mjukuu wa waridi lile. Zamu ya altare wakampa. Lakini padre wa kijiji husoma misa ya kwanza mara moja tu, na kapu lile mama hakulibeba.

Na mimi miaka yote hii nimemtania. Mbele ya wageni, mbele ya wakwe, nilisimulia jinsi mama yangu alivyoniibia sifa ya ufundi. Yeye hucheka, anafunika mdomo kwa kanga.

Sasa nirudi asubuhi ile ya mwezi uliopita. Msingi ulikuwa umeshapanda pande tatu, na fundi alipovuta kamba ya upande wa nne, ikapita katikati ya waridi.

"Bosi, huu mti unatoka," akasema.

Kabla sijajibu, mama akaweka beseni chini. "Kata tu, fundi. Usiogope. Hata mimi niliwahi kuukata mwenyewe, mwaka wa padre, na ukaota."

Mama Eusebia amekufa siku nyingi. Baba amekufa, Mzee Gaudensi amekufa. Fundi ni kijana wa Songea, hamjui padre yeyote wa huku. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kudanganywa. Na mama alipokuwa anasema hivyo hakumwangalia fundi, aliangalia mikono yangu. Hapo ndipo nilipoelewa, mtu mzima mwenye mvi. Kama Jumamosi ile ningetoa sauti, nani kijijini angempa msumeno mtoto aliyelisha mbuzi maua ya padre? Ule mkono wangu ungeishia pale, na ningekuwa nachunga ng'ombe mpaka leo. Mama alikuwa na heshima moja tu, aliyoisubiri miaka kumi na moja, akaitoa kununua mkono wangu. Nami nikamwita mwizi.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "mti huu nilikata mimi. Mama alikuwa mashineni. Nilikata mimi, Otmari, na matawi nikawapa mbuzi."

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Mafundi wanasikia."

"Ndiyo nataka wasikie."

Akachukua beseni lake, akaelekea jikoni. Baadaye kidogo nikamsikia anaimba Kinyasa.

Nikamwambia fundi ang'oe msingi wa pande mbili na kuisogeza nyumba nzima nyuma hatua nne, waridi libaki mbele ya mlango. Akaniuliza kama niko sawasawa. Nikamwambia apige hesabu. Mawe, saruji, mchanga na siku tisa za mafundi, akaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji, nikalipa bila kuomba nipunguziwe hata senti: shilingi milioni moja, laki nane, arobaini na saba elfu na mia tano.