Hii Nyumba Haiko ya Kuuzisha

Watu wa Bunia wanapenda kuniuliza kwa nini nilichafua butiki yangu, na kila wakiuliza kasirani inanipanda upya. Ukuta wa mbele umeandikwa na rangi nyekundu, herufi kubwa kama ndoo: HII NYUMBA HAIKO YA KUUZISHA. Niliandika miye mwenyewe, nimepanda juu ya kiti, kitenge kimefungwa magotini. Nani anapenda kuchafua ukuta wake? Lakini hapa kwetu, ukiona maneno ya namna ile ku ukuta, ujue kuna mutu wa jamaa anataka kuuzisha nyumba wakati mwenyewe angali muzima, anaona kwa macho.

Butiki ile, ku barabara ya kwenda soko, tuliijenga na bwana yangu. Matofali tuliyachoma siye wenyewe, tukayapandisha siye wawili, miye na mutoto ku mugongo. Mu ndugu zake sikuona hata mumoja akileta beseni ya muchanga. Waliijua njia ya butiki siku ilipokuwa na paa.

Bwana yangu alipokufa, mupangaji wetu, mutu wa kuuzisha dawa, alikuwa amekwisha kuhamia Aru, ati biashara ya mupaka inalipa kuliko ya hapa. Tulimuzika bwana yangu na butiki iko na kufuli. Na shemeji yangu, mudogo wa marehemu, akasimama mu kikao cha jamaa akiwa amevaa koti ya bwana yangu, ile ya rangi ya majivu aliyokuwa anaenda nayo kanisani. Hakuniomba. Alifungua sanduku, akaitoa, akaivaa.

"Mama ya watoto iko peke yake," akasema. "Nyumba ya biashara bila mupangaji inakufa. Siku ya kumaliza matanga, kama ingali imefungwa, tutaiuzisha, tugawanye."

Wazee wakaitika na kichwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini mujane akipiga kelele wanasema analilia bwana yake, na wanamuletea maji ya kunywa. Kazi yangu ikabaki moja tu: kupata mupangaji mbele ya matanga kuisha. Nikikosa, jasho letu linakwenda na watoto wanabaki mikono mitupu.

Shemeji hakungoja hata matanga yenyewe. Siku moja nilipita kule nikamukuta na mutu simujui, wanavuta kamba ya kupimia kutoka ku mulango mupaka ku pembe. Aliponiona alisema wanapima kivuli cha jua, ati wataweka kibaraza. Kibaraza, ku nyumba isiyo yake. Nilikwenda sokoni mara ile ile, nikanunua rangi na burashi, nikaandika.

Sasa tatizo likawa lingine. Mu Bunia haupate mupangaji bila komisionere, mutu wa kati anayejua nani anatafuta nyumba na nani iko nayo. Wangu alikuwa na viatu vya kung'aa, na kila neno lake lilianza na "Mama, usiogope." Aliniletea fundi cherehani. Aliniletea mama wa kusuka nywele. Aliniletea muchungaji anayetafuta pa kuanzishia kanisa. Wote walitembea vizuri mupaka mbele ya butiki, wakainua macho, wakasoma, wakasimama.

"Mama, siye tunatafuta amani," fundi akasema. "Hii nyumba iko na maneno."

Muchungaji aliahidi kuniombea. Maombi sikuyakataa, lakini maombi haiko garanti ya miezi, ile pesa mupangaji anatanguliza.

"Mama, usiogope," komisionere akaniambia. "Ni ile maandishi inafukuza watu. Piga rangi nyeupe, utaona."

Nilikataa. Alirudia, nikakataa tena. Lakini matanga yalikuwa yanakaribia, na shemeji alikuwa anapita mbele ya kufuli kila asubui akitabasamu, anaisalimia butiki kama ngombe anayengojea kuchinjwa. Nikanunua rangi nyeupe. Nikapanda kiti kile kile, nikafuta maneno yangu mwenyewe. Nilisikia kama ninajifunga mudomo kwa mukono wangu.

Kesho yake komisionere alikuja mbio na papa mumoja, ati ni mupangaji: mwanaume wa shati safi, kalamu mufukoni. Mupangaji anaangalia mulango kama unafunga, paa kama linavuja, umeme kama unafika. Huyu hakugusa hata kufuli. Alizunguka nyuma, akauliza borne za parseli, yale mawe ya mupaka wa kiwanja, ziko wapi, na karatasi ya nyumba iko na jina la nani.

"Papa," nikamuuliza pole pole, "mupangaji anatafuta borne za nini?"

Akamutazama komisionere. Komisionere akatazama viatu vyake.

"Lakini nilielezwa jamaa yote imekubali kuuzisha," yule papa akasema. "Nimezungumuza na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba iko na koti ya majivu?"

"Ndiyo, ile ya majivu."

Hapo niliona moto. Kumbe huyu mutu wa viatu alikuwa anakula kwangu na anakula kwa shemeji. Kumbe ile "usiogope" yote ilikuwa ya kunilaza usingizi. Nilimutukana matusi ambayo mama yangu, aliyenilea kule Nyankunde na Biblia, angenipigia kofi kama angeyasikia. Nikamuambia yule papa: mwenye nyumba ni miye, na bwana yangu iko mu makaburi, hakukuagiza. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki ku kopo. Nikaleta kiti. Niliandika tena mbele yao, herufi kubwa kupita zile za kwanza, juu ya rangi nyeupe isiyokauka vizuri, nyekundu inachuruzika mupaka ku kizingiti. Watu wa pikipiki walisimama kuangalia. Waangalie.

Niliporudi nyumbani nililia, maana nilijua sasa hakuna mupangaji atakuja tena.

Asubui yake akaja mama mumoja wa upande wa Mahagi, muuzaji wa samaki ya chumvi. Alikuja peke yake, beseni ku kichwa.

"Mama, komisionere alinikataza kuja hapa," akasema. "Aliniambia nyumba inauzishwa, nisijisumbue. Jana nilipita, nikakuona juu ya kiti. Nikasema, mutu anayeandika na kasirani hii, huyu haiuzishe."

Nikamuuliza kama haogope maneno ya jamaa.

"Kule nilikuwa ninapanga, hakuna kitu kiliandikwa ku ukuta," akajibu. "Mwenye nyumba alikuwa mupole, ananyamaza. Siku moja mugeni akaja na ufunguo, ati amenunua. Samaki yangu yote ikatupwa mu matope. Miye sasa ninatafuta mwenye nyumba wa kupiga kelele." Akaweka beseni chini. "Lakini usifute tena."

Nilimupa ufunguo pale pale.

Siku ya kumaliza matanga, kisha sala na chakula, shemeji aliwaongoza wazee mupaka ku butiki, wajionee nyumba iliyokufa. Mulango ulikuwa wazi. Samaki ilipangwa mupaka ku dari, na harufu yake ilitupokea mbali. Shemeji akasimama ku kizingiti, akaziba pua na mukono wa koti ya bwana yangu.

Yule mama hakumujua. Alifikiri ni muteja.

"Karibu, papa. Unatafuta nini?"

"Nimekuja kuangalia nyumba," shemeji akasema.

Yule mama akamuonyesha ukuta kwa samaki aliyokuwa nayo mukononi. "Nyumba haiko ya kuuzisha, papa, imeandikwa pale. Hapa tunauzisha samaki tu."

Muzee mumoja akacheka. Mwingine akauliza bei. Miye sikucheka, kasirani yangu ilikuwa haijaisha. Nilimusogelea shemeji nikamuambia avue koti. Akaangalia wazee, wazee wakaangalia samaki. Akaivua pale barabarani, watu wanaona. Nikaipokea, nikaivaa juu ya nguo yangu ya mujane, na harufu yake yote.