Ndege Aliyelikataa Ziwa

Duka lile la Bunda lilinuka mafuta ya taa hata katika miezi ambayo mafuta yenyewe hayakuonekana. Ilikuwa miaka ya foleni, na foleni yetu ilikuwa ya mawe: ulitoka kijijini kwetu Kabasa alfajiri, ukaweka jiwe lako nyuma ya jiwe la mwenzako, kisha ukaketi barazani kulilinda, maana wapo waliolisogeza kwa kidole cha mguu huku wakitazama juu kama hawamo. Sabuni ikija, imekuja. Hapo barazani, msimu mmoja wa ukame, Bibi Shanta, mama wa mwenye duka, alinisimulia habari za ndege wa kwao India: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, ana kishungi. “Chataka,” alisema. “Hanywi ya mto, hanywi ya kisima. Anafungua mdomo, anangoja mvua tu.” Nilimjua. Hata kwetu alikuwa akija mvua zikikaribia, akipiga kelele kwenye ua wa minyaa.

Nilimpenda ndege huyo kuliko kitu chochote. Ziwa zima lipo hapo karibu, yeye analigeuzia mgongo! Mimi nilikuwa nikinywa maji ya lambo pamoja na ng’ombe, basi nikaanza kuringa, nikakataa kikombe tangu asubuhi hadi mama aliponishika kidevu akanimiminia. Nilipomweleza sababu, hakuacha kutwanga. “Namjua. Huyo hajengagi kiota,” alisema. “Anataga kwa wenzake, wamlelee.” Nilinuna siku nzima.

Baba alikuwa ameenda kutafuta kazi na habari zake zikakatika. Mbegu yetu ya mwisho ilikuwa mtama uliojaa kibuyu kimoja, kimening’inizwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiuguse. Majirani walipanda manyunyu ya kwanza yalipodondoka, miche ikaungua na jua. Mama alingoja. Aliniambia waziwazi kwamba mtama huo usipoota nitapelekwa Musoma kwa mama mdogo, ambako angalau kuna samaki. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilipanda kichuguu nyuma ya nyumba nikisikiliza, nikashuka, nikapanda tena, hadi mama akaniuliza kama nimekalia siafu. Ndipo asubuhi moja ndege akalia kwenye minyaa. Nilikimbia. “Mama, amekuja. Panda.” Alitazama mbingu, haikuwa na hata wingu. Alinitazama na mimi, kwa muda mrefu, kisha akakitungua kibuyu. Tulipanda kwenye vumbi tupu, yeye akitia mbegu, mimi nikifukia kwa mguu.

Mvua haikuja. Ndege aliendelea kupayuka na jua likiwaka, nikamrushia madongo kwa hasira. Chakula kilipokwisha kabisa, mama alifunga gauni langu kwenye kanga, akanipeleka kituo cha basi, na hakungoja basi liondoke. Kwa mama mdogo nilikula furu, visamaki vya ziwani, mpaka nikashiba, lakini kila usiku nilimfikiria ndege yule na kinda analowaachia wenzake, na moyo ukaniuma. Mchana mmoja mvua ikaja kutoka ziwani, nzito. Nilisimama uani nimeachama mdomo, nikimeza. Mama mdogo alinigombeza kwamba nitaumwa. Nilikuwa ninalia, kwa sababu sikujua kama inanyesha na Bunda.

Ilinyesha. Mtama uliolala vumbini ukaota, na baada ya mavuno mama alikuja mwenyewe na unga wa mtama kichwani, na kabla hajamsalimia vizuri mdogo wake akaniambia, “Vaa, twende.”

Siku hizi madukani Bunda kuna sabuni za kila rangi na hakuna anayezilindia jiwe. Bibi Shanta na wanawe walihama, sijui waliko. Mimi ninafanya kazi Musoma, maji yananifikia kwa bomba, na nyumbani huenda kwa nadra, kila mara nina sababu. Msimu huu ndege alilia kwenye waya nje ya ofisi yangu. Nilishindwa kukaa kitini. Nikatoka, nikampigia mama simu, nikamwambia amekuja, apande.

“Nimeshapanda,” alisema. “Siku hizi simsubirigi ndege, mwanangu. Ninayemsubiriga ni wewe.”