Joka Lililokosa Mtu wa Kula

Miaka ile vibanda vya video vilipozagaa mtaa wa Majengo kule mjini, nilitazama filamu moja ya wafalme wa kale wa Ulaya, nikapagawa nayo. Nilikuwa mwalimu mgeni katika kijiji cha mlimani, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule tambarare, na padre alikuwa ameniomba igizo la sikukuu ya parokia. Nikatunga nchi isiyokuwepo: ngome, askari wa mikuki, na mfalme katili ambaye sheria yake ilikuwa moja tu, mwizi anatupiwa joka. Joka lenyewe nililishona kwa magunia ya kahawa, yaliyokaa bure tangu watu waanze kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Nililipenda kuliko nilivyowapenda waigizaji.

Waigizaji walikuwa wanakwaya, na walinitoa roho. Kila nikimwambia askari amkamate mwizi, anaanza: "Shikamoo mzee, uko chini ya ulinzi." Nikamwambia mtu hakamatwi kwa shikamoo. Akanitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Mwalimu, huyu ni rika la baba yangu."

Mfalme alikuwa mzee mmoja mwenye sauti nzito. Mama wa mwizi alikuwa jirani yake, mjane aliyejua kulia kwa amri. Hawa wawili hawakuwa wakisalimiana. Mjane alikuwa amelima akapitiliza mpaka na kung'oa isale, ule mmea wa majani marefu unaotenganisha vihamba, yale mashamba ya ukoo, na mzee akamshtaki kwenye baraza la kata. Kila mjane alipokwenda kuomba radhi, mzee aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilifurahi. Chuki ya kweli ingependeza jukwaani.

Siku ya sikukuu mjane akapiga magoti mbele ya kiti cha mfalme, kama nilivyomfundisha. Halafu akatoa kwenye kitenge chake jani la isale lililofungwa fundo, kitu ambacho sikukiandika popote, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

"Mangi," akamwita, kama walivyoitwa watawala wa zamani wa mlimani, "naomba unisamehe."

Nikanong'ona nyuma ya pazia: "Kataa! Sema apelekwe kwa joka!" Mzee hakugeuka. Nikarudia kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Mwalimu," akasema, macho kwenye lile jani, "isale haikataliwi."

Hilo kila mtu pale uwanjani alilijua isipokuwa mimi: anayeletewa isale lazima asamehe. Mzee akasimama, taji la boksi likimwangukia sikioni, na safari hii hakuwa na mlango wa kufunga. Akalipokea jani. "Nimekusamehe. Kesi naifuta."

Vigelegele! Mwizi, mikono bado imefungwa kamba, akauliza yeye anafunguliwa na nani. Ndani ya magunia, watu wangu wa joka walikuwa wakitoka jasho wakisubiri ishara. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikatoka nikapiga kelele kwamba katika nchi hii hakuna msamaha, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, wewe ulitaka aliwe?"

Asubuhi yake, nikienda shule, niliwakuta mpakani wanapanda isale upya. Mzee ameshika miche, mjane anashindilia udongo.

"Mwalimu," mzee akaniita, "mfalme wako amehukumuje?"

"Shikamoo," nikamjibu, nikapita.