Aliyekumbuka Kila Mche

Watu walimwita Bwana Bustani, na jina lilimkaa. Ukimpa kiwanja kilichojaa kokoto, baada ya miezi michache unapita hapo na kumwonea wivu mwenye nyumba. Kazi aliijua. Kuandika ndiko kulikomshinda. Sheria inamtaka kila mwenye biashara ya bustani aweke kumbukumbu: mche umetoka kwa nani, umekwenda kwa nani, ili ugonjwa ukizuka ijulikane ulikoanzia. Yeye akiulizwa alicheka tu.

"Daftari langu lile pale, linachemsha chai."

Daftari lenyewe alikuwa mkewe, Mama Miche. Angekuambia mwaridi huu uliletwa na muuzaji yupi, siku ya mvua au ya jua, na huyo muuzaji siku hiyo alikuwa kanuniana na nani. Wakaguzi wa mimea walikuja, wakamsikiliza, wakaandika wenyewe, wakaondoka wakicheka. Nani angeona ubaya hapo?

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza chumvi kwenye mboga, halafu njia ya sokoni, halafu majina ya wanawe. Mzee aliona, akajifanya haoni. Kununua daftari la karatasi kungekuwa sawa na kumwambia, mke wangu, kazi yako imekwisha, na maneno hayo hakutaka kuyasema. Akaendelea kununua miche na kuichanganya kitaluni bila kuandika hata neno. Ukaidi wa mapenzi, lakini ukaidi ni ukaidi.

Basi miwaridi ya mteja mmoja ikanyauka, na mkaguzi mpya akafika kitaluni. Binti mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Miwaridi uliyompandia yule mteja uliinunua wapi? Ukinionyesha, tutachoma iliyotoka kwa muuzaji huyo tu. Usipojua, itabidi kitalu kizima."

Mzee akageukia nyumbani. Akamwita mkewe. Alijua ni upuuzi, ila hakuwa na pengine pa kukimbilia.

Mama akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Akayashika majani moja moja, uso ukamchangamka, na kwa kitambo kidogo mzee akaamini kabisa kwamba wamepona.

"Hii? Hii alileta dada yangu," mama akasema, akamgeukia mkaguzi. "Si wewe? Mbona umekonda hivyo, jamani?" Akamkumbatia.

Binti akakubali kukumbatiwa. Juu ya bega la mama akamtazama mzee.

"Pole sana, baba."

Mzee aling'oa kila kitu kwa mikono yake, hata mwaridi mweupe wa mlangoni ambao mama aliupanda walipohamia hapo. Alilia waziwazi, hakumficha mtu. Alijichukia kwa kutonunua daftari, na alijua fika kwamba hata leo asingeweza kulinunua. Umri wa kuanza upya ulikuwa umempita. Akawasha moto.

Mama akatoka, akasimama kando yake.

"Baba, unachoma nini?"

"Magugu, mama."

"Afadhali. Yalikuwa yanaisonga miwaridi yangu." Akamshika mkono. "Kesho unikumbushe tuimwagilie."

"Nitakukumbusha," akasema mzee.