Maziwa Yaliyonifanya Nimfukuze Mke wa Mwanangu

Siku dada yangu aliponiambia niite kikao kuhusu kifua cha mke wa mwanangu, nilipaswa kumwambia amalize chai yake aende nyumbani. Sikumwambia. Niliita kikao! Kosa ni langu, simsukumii dada lawama.

Kwetu ni Rusinga, kisiwani, Ziwa Victoria. Mwanangu wa pekee alioa msichana wa Kehancha, nitamwita Robi. Mpole, mchapakazi, na mke wangu alimpenda kama aliyemzaa mwenyewe. Miaka ikapita bila mimba. Kanisani wazee wenzangu wakawa wananichokoza, "Mzee, kwako bado kimya?"

Kisha siku moja Robi akiwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, dada yangu akaona blauzi yake imelowa kifuani. Maziwa! Kwa mwanamke asiye na mtoto!

Dada akanijia mbio. "Huyu alizaa kwao akaficha mtoto. Wewe mwenye ng'ombe, umewahi kukamua mtamba ambaye hajazaa?"

Nilicheka. Aibu yangu! Nilicheka, na maneno yale yakaniingia.

Jioni tukaketi. Nikamwuliza Robi mbele ya ndugu zangu, mambo ambayo baba mkwe hata hapaswi kuyataja: "Mtoto uliyemnyonyesha yuko wapi?"

Alipiga magoti. "Baba, sijawahi kuzaa. Daktari wa Migori amesema homoni ya maziwa imezidi mwilini, ndiyo inayozuia mimba. Nimeanza dawa."

"Homoni!" dada akadakia. "Siku hizi kila uongo una jina la hospitali."

Mwanangu akasimama. "Baba, daktari alieleza nikiwepo. Tupe muda dawa ifanye kazi."

"Muda nimewapa wa kutosha. Aende kwao amlete huyo mtoto, la sivyo asirudi!"

Mke wangu alinivuta shati. "Baba Otieno, nyamaza. Nakuomba."

Sikunyamaza. Mimi niliyefika kidato cha nne, niliyefundishwa habari za tezi na homoni darasani! Sikukosa akili. Nilikosa masikio.

Robi akafunga nguo zake. Sikutarajia kwamba mwanangu naye angefunga zake. Walivuka kuelekea Mbita bila kugeuka, wakaenda kuishi Kehancha.

Huko Robi aliendelea na dawa. Maziwa yakakauka, damu yake ya mwezi ikarudi, kisha akashika mimba. Akazaa msichana. Habari hizo nilizipata sokoni Mbita, kutoka kwa mama muuza samaki, kama mpita njia tu.

Nilituma watu wakaniombee msamaha. Mwanangu akawajibu, "Mwambieni Baba kwamba Robi amemsamehe. Mimi bado."

Wazee wenzangu, nawasihi! Mke wa mwanao akisema anatibiwa homoni, usigeuze boma lako kuwa mahakama. Mwili wa mtu una maradhi ambayo zizi la ng'ombe haliwezi kukueleza. Mwulize daktari. Ukiona haya kumwuliza, basi funga mdomo, na dada zako uwafunge yao.

Mimi nilichelewa. Mke wangu aliugua, na katika ugonjwa wake alikuwa akiniuliza, "Mtoto wamemleta?" Nikawa namdanganya kwamba wako njiani.

Mwanangu alikuja kumzika mama yake. Alikuja peke yake, akaondoka jua likiwa bado juu.

Mke wangu alikufa bila kumshika mjukuu wake wa pekee. Mtoto huyo sasa ameanza shule. Mimi simjui hata sura.