Kabla Hujavuta Bampa

Nakumbuka ile Ijumaa kama jana, mwanangu, nimelala chali chini ya gari, mchanga machoni, moyo unaruka kama kambare aliyetolewa majini. Na gari lenyewe lilikuwa langu. Ngoja nirudie, maana sikupewa na mtu: gari langu mwenyewe.

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliaga bado sijui kugawanya, nikapanda baiskeli. Nilibeba watu na mizigo kati ya geti la Kenya na geti la Uganda hapa Busia, mvua inyeshe jua liwake, mpaka mapaja yangu yakawa magumu kama mchi. Wengine wanajivunia vyeti, mimi najivunia mapaja. Nilipoteremka kwenye ile baiskeli niliingia kwenye gari dogo jeupe, mtumba kutoka Japani, nikaanza kubeba abiria Busia kwenda Malaba. Nani kama mimi!

Sasa, kule Amukura kulikuwa na msichana anaitwa Amoit. Sitakueleza alivyokuwa, bado yuko ndani ya hii nyumba na masikio yake ni mazuri. Baba yake, Mzee Ekirapa, alikuwa ameendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliposikia habari zangu alimwuliza binti yake, "Mtu wa baiskeli? Atakubeba kwenye keria mpaka uzeeni?" Akaambiwa siku hizi nina gari. "Gari nalo nitaliangalia," akasema. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aje Jumamosi na watu wake, nione anavyotunza kitu. Nisipopenda nitakachoona, asirudi tena hapa."

Unaelewa, mwanangu? Gari ndilo lilikuwa linakwenda kuposa. Mimi nilikuwa dereva tu.

Basi Alhamisi niko Malaba, nyuma ya trela kwenye ile foleni isiyoisha, trela likarudi nyuma kidogo. Kidogo tu! Chuma chake cha nyuma kikauma bampa yangu ya mbele, ikapasuka katikati, kipande kimoja kikaning'inia chini kama ulimi wa ng'ombe mgonjwa. Dereva wa trela hata hakujua. Taa zilipona, boneti ikapona, lakini uso wa gari ulikuwa umekwisha. Nikazunguka kwa mafundi wa jua kali, kila mmoja ananiambia, "Jumatatu, boss." Jumatatu! Mimi posa yangu ni Jumamosi.

Aliyeniokoa ni Egesa. Huyu rafiki yangu polio ilimchukua miguu akiwa mtoto, na Mungu akamwongezea mikono. Alikuwa anavusha mizigo mpakani kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kukanyagwa kwa mikono, na hakuna ua wa vyuma chakavu ng'ambo ya Uganda ambao hakuujua. Ijumaa asubuhi tukavuka pamoja. Tukapindua milango, tukapindua fenda, yale mabati yanayofunika magurudumu, na pale chini ya rundo, mwanangu, bampa ya gari kama langu. Nzima. Tena nyeupe! Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka.

"Ssebo," muuzaji akaniambia, yaani bwana kwa Kiganda, "usifurahi hivyo mbele ya muuzaji. Bei itakusikia, ipande."

Tukaifunga juu ya baiskeli ya Egesa, imekaa kwa mapana, huku bawa na huku bawa. Watu walikuwa wanainama kutupisha. Pale getini afande akaisoma risiti, akaitazama bampa, akanitazama mimi niliyekuwa nasukuma kwa nyuma nikitoka jasho.

"Hii ni nini?"

"Ni meno, afande," Egesa akajibu. "Gari la huyu bwana lina pengo na kesho linaenda ukweni."

Afande alicheka mpaka akashika meza. Tukapita.

Nyumbani nikafungua boneti, nikakunja mikono ya shati. Sikuwa nimewahi kutoa bampa, lakini nilikuwa nimeona ikitolewa, na kijana aliyeona hudhani amejua. Juu, karibu na grili, kulikuwa na bolti na vibanio vya plastiki, nikatoa. Chini kulikuwa na nyingine. Hapo Egesa alishuka kwenye baiskeli yake, akateleza chini ya gari, akazitoa moja moja akinisema: "Nyinyi wenye miguu hampendi kuinama. Hamjui mtaka cha mvunguni sharti ainame?" Ndipo nami nikalala chali kama nilivyokuambia.

Tulipomaliza, nikasimama, nikashika bampa. Haikutoka. Nikaitikisa. Haikutoka.

"Imekwama kwa vumbi," nikasema.

"Vumbi gani linaloshika hivyo?" Egesa akauliza kutoka chini.

Nikaweka mguu kwenye gurudumu la kushoto, nikashika pembe ya bampa kwa mikono miwili, na mapaja yangu unayajua. Nikavuta.

Paa!

Kile kishikio cha plastiki kinachobaki kwenye fenda, ambacho bampa mpya ingekuja kukalia, kilikatika kikaruka kikaangukia uani. Unajua nilifanya nini? Nilihamia upande wa kulia nivute na huko. Ndiyo! Upande mmoja umevunjika, na mimi nahamia wa pili, kwa sababu damu ilikuwa imepanda na Amukura ilikuwa inaningoja.

"Wandera!"

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni na magunia yake ya mahindi, anayafungua ayaanike kabla ya soko. Mama hakujua gari. Hakuwahi hata kukaa kiti cha mbele, alisema kinamtia kizunguzungu.

"Mama, niache, nina haraka."

"Haraka nimeisikia ikivunjika sasa hivi. Njoo hapa."

Nikaenda. Ukiitwa na mama unaenda, hata uwe na gari. Akanipa gunia limeshonwa mdomo. "Fungua."

Nikashika mdomo wa gunia, nikavuta. Gunia likabaki gunia.

"Wewe una nguvu," akasema, "na mimi ni kikongwe. Nipe." Akapitisha kidole juu ya ule mshono taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani akitafuta kidonda. Akafika kwenye pembe, akapata ncha ya uzi, akaivuta kwa vidole viwili. Prrrrr! Mdomo wote ukafunguka, na gunia halina hata tundu.

"Kitu kikikataa kutoka, kuna mahali kimeshikwa," akasema. "Hakikuchukii, mwanangu. Kimeshikwa. Tafuta mahali penyewe kwanza. Ukivuta kabla hujaona, unapasua kilicho chako halafu unasema kitu kilikuwa kigumu."

Egesa chini ya gari akasema, "Amina." Nilitamani kumkanyaga.

Nikarudi, nikapitisha kidole kama mama, kuanzia grili, kushuka pembeni, mpaka mwisho wa bampa penye gurudumu. Hapakuwa na kitu cha kuona. Nikazungusha usukani, gurudumu likageuka likaacha nafasi, nikaingiza mkono ndani ya madigadi, kwenye tope lililokauka. Na hapo, mwanangu, kidole changu kikagusa skrubu! Moja tu, imejificha imetazama juu, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuiona. Nilipiga kelele kubwa kuliko za asubuhi. Nikaitoa kwa bisibisi fupi. Nikashika pembe ya kulia kwa vidole, nikaivutia nje kidogo, ikatoka yenyewe: tak. Kishikio kikabaki kwenye fenda kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Kuivisha ile mpya hakukuwa kazi tena, ilikuwa sherehe. Bampa ni nyepesi lakini ni ndefu, na mkono mmoja hauchinji ng'ombe: mama alishika huku, jirani akashika kule, tukaiegemeza, kila bolti ikaingizwa kwa vidole kwanza bila kukazwa, mpaka zote zikashika njia, ndipo tukakaza. Hilo pia mama alilisema, maana mimi nilitaka kumaliza upande mmoja kabisa. Na ule upande wa kushoto niliouvunja? Tulitoboa tundu kwa msumari wa moto, tukafunga kwa waya. Ikakaa. Lakini palibaki nafasi ya kuingiza kidole kati ya bampa na fenda, na ukisukuma, inacheza.

Jumamosi tukaondoka, gari limeoshwa linang'aa, mama na baba mdogo nyuma, mimi mbele nimevaa koti la kuazima. Njia ya Amukura ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila shimo nilisikia kona ya kushoto ikigonga, nami nikaipunguzia mwendo, nikiiomba kama mtu. Tulipoingia boma la Mzee Ekirapa, bampa ilikuwa mahali pake. Nilitaka kuruka juu!

Mzee alitoka. Hakutusalimu kwanza. Alizunguka gari zima, mikono mgongoni, akarudi mbele, akainama. Akaweka kidole gumba kwenye kona ya kulia, akasukuma. Kimya. Akaenda kushoto, akasukuma. Tak, tak.

"Hapa palivutwa," akasema.

Mwanangu, ulimi wangu ulikuwa umeshabeba jibu. Ningesema ni lile trela la Malaba, na nani angebisha? Trela lilikuwepo kweli. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama kuku.

"Ni mimi niliyevuta, mzee," nikasema. "Trela lilipasua ile ya kwanza. Lakini kishikio cha hapa nilikivunja mimi, kwa haraka ya kuja kwako."

"Na huku kwingine? Mbona pameshika kama pa kiwandani?"

"Huku mama alinizuia, nikatafuta skrubu."

Akainuka polepole, akamgeukia mama yangu. "Mama, huyu huwa anakusikia?"

"Husikia," mama akajibu. "Ila avunje upande mmoja kwanza."

Mzee Ekirapa alicheka! Alicheka akashika boneti ya gari langu, akacheka mpaka baba mdogo naye akaanza bila kujua sababu. Kisha akanipa mkono. "Nimeendesha barabara mpaka huko Kigali," akasema. "Wote tuligonga. Niliyemwogopa ni yule aliyegonga halafu akanyamaza. Mke wangu, weka chai, wageni wamefika." Na kutoka jikoni nikasikia kigelegele. Kilikuwa kimoja, chembamba, kimetoka kabla ya wakati wake, na nilijua ni cha nani.

Basi nisikilize sasa, wewe mwenye simu inayokuonyesha kila kitu. Siku hizi unaangalia video, unaona bampa inatoka kama kofia, unatoka mbio kwenda kuvuta. Video haijui gari lako lilitengenezwa na nani kabla yako, wala skrubu gani aliongeza. Inama. Geuza gurudumu. Tandika blanketi chini ili ukiitoa usiikwaruze. Waya za taa zichomoe kwa mkono, usizikate. Ukishaweka bolti zote kwa vidole, ndipo ukaze. Na kitu kikikataa, wacha mikono, tumia kidole.

Na mambo ya watu ni hivyo hivyo. Mke akinuna, mtoto akigoma shule, ndugu akikataa kugawa shamba, usiweke mguu kwenye gurudumu. Kuna mahali pameshikwa, na mara nyingi ni padogo, pamejificha, pana tope. Ukishavunja, usilisingizie trela. Sema ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na mimi naongeza: aliyevunjika akikiri, bado hupewa kiti na chai.

Haya, nenda. Nyasaye, Mungu wetu, akupe macho kwenye ncha za vidole. Akupe mtu wa kukuita jina lako kwa sauti wakati damu imepanda, na akupe masikio ya kumsikia upande mmoja ukiwa bado mzima. Kazi yako ikae, nyumba yako ikae, na kila boma utakaloingia wakucheke kwa furaha kabla hujaketi.